Maumivu Yasiyokuwa Uchungu

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wakunga, matabibu na wazee wa mji



Nilipoletewa barua ya kuniita niliachiwa hiari ya kuchagua maudhui, na rafiki yangu mmoja, ambaye yumo humu ukumbini na ambaye kwa adabu sitamtaja, alinishauri nichague maradhi yenye jina kubwa, kama vile kisukari au saratani, kwa kuwa hadhara kubwa hustahiki maradhi makubwa. Nimekhalifu ushauri wake. Nimechagua kinyama chembamba kisichozidi urefu wa kidole cha mtu mzima, kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana upande wa kuume, ambacho wengi wetu tutazikwa nacho bila ya kukumbuka hata siku moja kwamba tulikuwa nacho. Lakini kinapoasi ndani ya tumbo lenye mimba, huweza kudhulumu nafsi mbili kwa pigo moja. Kusudi langu ni kuwathibitishia kwamba katika maradhi haya kinachoharibu mimba aghalabu si kidole tumbo chenyewe, wala si kisu cha mpasuaji, bali ni saa zinazopotea kabla ya mtu yeyote kulitamka jina la maradhi.

Kabla ya hoja, niruhusuni kisa.

Nilikuwa tabibu kijana katika hospitali ambayo si lazima kuitaja. Usiku wa Alhamisi tuliletewa mwanamke wa umri wa miaka ishirini na kitu, mimba yake ya pili, mwezi wa saba, amelazwa juu ya godoro nyuma ya gari la kubebea nazi. Mkwewe, mama mmoja mtulivu aliyeshika kanga yenye mafundo mawili ya fedha, alitueleza mambo kwa taratibu, na mpaka leo sijapata kusikia historia ya mgonjwa iliyo safi kuliko ile. Jumatatu baada ya magharibi mkwe wake aliumwa tumbo hapa, akaonyesha kitovu chake mwenyewe, akakataa chakula, alfajiri akatapika. Jumanne maumivu yalishuka na kuhamia upande wa kuume; wakasema ni chango, akakandwa kwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu. Jumatano asubuhi alinyweshwa mizizi, na mchana alipelekwa zahanati, akapewa dawa ya malaria. Usiku ule wa Jumatano maumivu yalikatika ghafla, kama kamba iliyokatwa, nyumba nzima wakashukuru na mgonjwa akalala. Alhamisi adhuhuri aliamka na homa, tumbo gumu kama ubao, na mtoto hachezi kama alivyozoea.

Matabibu waliomo humu wamekwisha tambua nini kilikatika usiku wa Jumatano. Kidole tumbo kilichojaa usaha kilipasuka. Kilipopasuka shindikizo lililokuwa ndani yake lilipungua, na maumivu yakapoa kwa saa chache, mpaka usaha ulipoenea. Msidhani, hata hivyo, kwamba nimewaletea kisa hiki ili niwalaumu watu wa nyumbani, kwa sababu na sisi wa hospitali tulifanya yetu. Mkubwa wetu wa zamu alisema ni uchungu wa mapema, mwingine akasema figo, tukaweka dripu, tukabishana, na kulipopambazuka bado tulikuwa tunabishana. Tulimpasua Ijumaa karibu na saa nne asubuhi. Jumapili alijifungua mtoto njiti ambaye hakutimiza siku. Mama alipona, na siku ya kuruhusiwa kwenda kwao aliniuliza swali moja tu: “Daktari, kumbe halikuwa chango?”

Sasa nije kwenye hoja.

Hoja ya kwanza: maradhi haya si nadra, wala si ya watu wa mbali. Miongoni mwa dharura zote za upasuaji zisizotokana na uzazi wenyewe ambazo humpata mjamzito, hii ndiyo iongozayo. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2000, uliohesabu wazazi 66,993, ulipata waliothibitika kuwa nayo 45, yaani takriban mmoja katika kila 1,500. Mwenye kufanya kazi katika wodi ya wazazi ya mji kama huu atakutana naye, kama hajakutana naye bila ya kumtambua.

Nasema hivi kwa sababu katika kizazi cha walimu wangu kulikuwa na itikadi kwamba kidole tumbo ni maradhi ya Wazungu. Itikadi hiyo haikuzuka hewani. Denis Burkitt, mpasuaji wa Kiirelandi aliyefanya kazi Uganda, Lira na kisha Mulago, kwa muda unaokaribia miaka ishirini, aliona kwamba wenyeji wa vijijini walioshiba mtama, mihogo, maharage na mboga waliugua kidole tumbo kwa uchache mno, na mwaka 1971 aliandika kwamba makapi ya vyakula vile ndiyo yaliyowakinga. Wanazuoni wa baadaye wamemkosoa katika baadhi ya mambo, na mimi si mwenye kuamua baina yao. Ninalolijua ni kwamba sahani aliyoiona Burkitt siyo sahani ya mjini leo, ilhali itikadi imebaki pale pale, na tabibu asiyetarajia kuyaona maradhi huyapita hata yakimsimamia mbele ya macho.

Hoja ya pili, nayo ndiyo nitakayokaa nayo muda mrefu zaidi: mimba huyaficha maradhi haya kwa namna ambayo hata adui mwenye hila asingeweza kuibuni.

Tazameni dalili zake moja baada ya nyingine. Kichefuchefu na kutapika: mjamzito gani hakutapika? Kukosa hamu ya kula: hayo ni ya kila siku katika miezi ya mwanzo. Maumivu ya kinena cha kuume: nyuzi zinazoshikilia mji wa mimba hunyooka na kuvuta, na wanawake huyalalamikia maumivu hayo bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Tumbo gumu, ambalo kwa mtu mwingine ni ishara kubwa, huenda lisipatikane mapema, kwa sababu mji wa mimba umekwisha kuusukuma ukuta wa tumbo mbele, mbali na kile kinachowaka huko nyuma. Tukikimbilia maabara, maabara nayo hutupa jibu la mashaka: chembe nyeupe za damu, ambazo huongezeka mwili unapopigana na wadudu wa maradhi, kwa mjamzito mwenye afya zaweza kufika 16,000, na katika uchungu zikapita 20,000. Kipimo kikubwa cha kukitambua kidole tumbo kwa mwanamume huwa hakina kauli kwa mwanamke mwenye mimba.

Kuna na suala la mahali. Mwaka 1932 Baer na wenziwe huko Marekani waliwapiga eksirei wanawake wenye mimba, jambo ambalo leo hakuna ambaye angethubutu kulifanya kwa ajili ya udadisi tu, wakatangaza kwamba kadiri mimba inavyokua kidole tumbo nacho hupandishwa juu, hata katika mwezi wa nane hukaribia mbavu. Picha ile iliingia katika vitabu, nami niliichora kwenye mtihani na kupewa alama zote. Lakini uchunguzi niliokwisha utaja, ule wa mwaka 2000, uliwauliza wagonjwa wenyewe wanaumwa wapi, na jibu la wengi, katika miezi ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, lilikuwa lile lile: chini, upande wa kuume. Kwa hiyo mkunga asimkatalie mgonjwa kwa kusema kwamba mimba yake ni kubwa na maumivu yako chini mno. Wala asimkatalie kwa kuwa yako juu. Yawezekana yote mawili.

Je, hakuna njia? Ipo. Ya kwanza haihitaji mashine, nayo ni kuuliza mpangilio. Katika kidole tumbo maumivu hutangulia na matapishi hufuata. Katika kichefuchefu cha mimba mtu hutapika bila ya kuumwa, na akiumwa ni kwa uchovu wa kutapika. Maumivu huanza kitovuni yakiwa hayana mipaka, kisha baada ya saa kadhaa huhama na kutulia mahali pamoja ambapo mgonjwa huweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole. Yule mama wa Alhamisi alitueleza haya yote kwa utaratibu huo huo, na hatukumsikiliza.

Njia ya pili inatokana na tabibu aitwaye Alders, aliyeiandika mwaka 1951, na nataka wakunga waichukue leo, kwa kuwa haigharimu kitu. Mlaze mgonjwa chali, utafute kwa vidole pale panapomuuma zaidi, na usiviondoe vidole vyako. Kisha mwombe ageukie ubavu wake wa kushoto taratibu, huku vidole vyako vikibaki pale pale. Mji wa mimba utaangukia kushoto kwa uzito wake. Ikiwa maumivu yameondoka nao, au yamepungua sana, yamkini yalikuwa ya mji wa mimba. Ikiwa yamebaki chini ya vidole vyako kama yalivyokuwa, basi kuna jambo nje ya mji wa mimba, na mgonjwa huyo hana usingizi nyumbani usiku ule. Si hukumu ya mwisho. Lakini ni sababu tosha ya kuandika rufaa.

Baada ya hapo ndipo zinapokuja mashine: kwanza ultrasaundi, ambayo haimdhuru mtoto, ijapokuwa mimba ikiwa kubwa mara nyingi haikioni kidole tumbo, na pale ilipo, mashine ya sumaku ya MRI, ambayo nayo haitumii miali ya eksirei. Mahali pasipokuwa na vitu hivyo, kinachobaki ni mkono wa tabibu unaorudi juu ya tumbo lile lile kila baada ya saa chache, naye awe mtu yule yule, si kila zamu na mtu wake.

Hoja ya tatu: yanayoifika mimba hutegemea zaidi kama kidole tumbo kimepasuka ama hakijapasuka. Kikiondolewa kikiwa kimevimba tu, mimba zinazopotea, kwa hesabu zilizokusanywa na wengi, ni baina ya 3 na 5 katika mia. Kikishapasuka, hesabu hizo zimepanda mpaka 20 katika mia, na katika taarifa nyingine zikapita theluthi. Kati ya hali mbili hizo kuna muda tu. Tamir na wenziwe walipowatazama wajawazito wa namna hii mwaka 1990, walikuta kwamba wale waliopasuliwa kabla ya saa 24 kupita hakuna aliyekuwa amepasukiwa, na wale waliocheleweshwa zaidi ya hapo theluthi mbili walikuwa wamepasukiwa.

Sababu zake hazina muujiza. Mtu asiyekuwa na mimba, kidole tumbo chake kikiwaka, utando wa mafuta uliomo tumboni hujisogeza ukakizunguka, kama majirani wanaozingira nyumba inayoungua. Katika miezi ya mwisho ya mimba utando ule umesukumwa juu na hauwezi kufika, na mji wa mimba unapojikaza na kujilegeza huvunja hata kile kizuizi kidogo kilichoanza kujengeka. Kwa hiyo usaha husambaa upesi. Usaha ukiugusa mji wa mimba, huuchokoza nao huanza uchungu kabla ya wakati wake. Homa ya mama humpandisha mtoto mapigo ya moyo, na damu ya mama ikishuka nguvu, kondo la nyuma hukosa kile linachopaswa kukileta. Hata baada ya upasuaji mwema, wiki ya kwanza ndiyo ya kuogopewa kwa uchungu wa mapema, na mama asiondoshwe mapema mahali penye mkunga na penye kutunzwa watoto njiti.

Jambo hili ni la kale. Mwaka 1848 Henry Hancock wa London alilifungua jipu la kidole tumbo la mwanamke aliyekuwa na mimba, na mwanamke yule akaishi, wakati ambapo maradhi yenyewe hayajapata hata jina lake la leo. Jina hilo lilikuja na Reginald Fitz wa Boston mwaka 1886. Na mwaka 1908 tabibu wa Marekani aitwaye Babler, alipokwisha kukusanya habari za wagonjwa wa namna hii, aliyatia yote katika kauli moja, kwamba vifo vyake ni vifo vya kuchelewa. Zaidi ya miaka mia moja imepita na sina la kumsahihisha.

Hoja ya nne: tunachelewa kwa sababu tunaita vibaya. Mwaka 1994 Thaddeus na Maine waligawanya uchelewaji unaowaua wazazi katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mgao huo umekuwa maarufu, nao ni wa haki. Lakini mimi naona katika pwani yetu kuna kuchelewa kunakotangulia kuamua, nako kumo katika ulimi.

Kiswahili, lugha ninayoipenda na kuionea fahari, kina maneno yasiyohesabika ya bahari na pepo zake, na mjamzito mwenye maumivu ya tumbo kikampa maneno makuu mawili tu: chango na uchungu. Kama hayaji na kuondoka kwa mpango ni chango. Yakija na kuondoka kwa mpango ni uchungu. Chango limekuwa gunia. Kila kilichokosa mahali hutiwa humo, hedhi yenye maumivu, utasa, minyoo, mtoto anayelia usiku, na kidole tumbo pia. Na kwa kuwa chango lina tiba yake inayojulikana na kila bibi mwenye umri, hakuna aonaye haja ya kupanda gari. Hapana ujinga hapa. Bibi aliyewaona wanawake mia wenye chango wakapona kwa kukandwa ana ushahidi wake; ila wale mia wangepona hata bila ya kukandwa, na yule wa mia na moja ndiye aliyeletwa kwetu juu ya godoro. Sisemi watu waache kombe wala dua. Anayetaka kumsomea mgonjwa wake na amsomee, ndani ya gari, njiani.

Lakini kumkanda, wazee wangu, hapana. Tumbo la mjamzito linalouma mahali pamoja lisikandwe kwa hali yoyote, maana mkono unaokanda hauoni unachokibonyeza.

Hoja ya tano ni fupi, nayo ni juu ya hofu ya kisu. Wapo wanaosema kuwa upasuaji utaiangusha mimba, na wapo matabibu vijana ambao, wakikimbia lawama ya kuchelewa, humpasua kila anayelalamika. Wote wawili wasikilize hesabu ya California iliyotolewa mwaka 2007, ya wajawazito 3,133 waliotolewa kidole tumbo. Waliokuwa na uvimbe tu, mimba zilizopotea zilikuwa 2 katika mia. Waliopasukiwa au kuzidiwa, 6 katika mia. Na wale waliopasuliwa ikaonekana kidole tumbo chao ni kizima, 4 katika mia. Tazameni nambari ya mwisho: kupasua pasipo sababu kulikuwa na madhara zaidi kuliko kupasua mapema kwa sababu. Kwa hiyo hatuhimizi haraka ya kipofu. Tunahimiza mgonjwa afike mapema, ili kuwe na nafasi ya kumtazama mara mbili na tatu kabla ya kumpasua. Kuhusu kumtibu kwa dawa peke yake bila ya kisu, kama inavyojaribiwa kwa watu wengine siku hizi, kwa mjamzito bado upasuaji ndio mwendo unaofuatwa, na dawa ni msaidizi wake. Ganzi ya uti wa mgongo ipo, kumlaza mgonjwa kwa kumwinamisha kushoto ili mji wa mimba usibane mishipa mikubwa ya damu ni jambo la mto mmoja tu, na madaktari wasaidizi, ambao tangu miaka ya 1960 nchi hii imekuwa ikiwafundisha kushika kisu katika hospitali za wilaya, wanaufanya upasuaji huu. Chumba kinachoweza kufanya upasuaji wa kujifungua kinaweza na huu.

Bwana Mwenyekiti, naona umekwisha tazama saa yako mara mbili, kwa hiyo niseme ninayoyatazamia kisha nikae. Natazamia siku ambayo katika mafunzo ya kliniki, pale mama anapoelezwa dalili za hatari, damu, kifafa, maji kuvuja, ataambiwa na hili: maumivu ya tumbo yaliyohamia kuume na kukaa hapo zaidi ya saa sita si ya kungoja. Natazamia zahanati ambayo, kabla ya kumpa mjamzito mwenye maumivu ya tumbo dawa ya malaria, itapima damu, na isipoona malaria itajiuliza swali la pili. Usafiri, ambao zamani ulikuwa udhuru wetu mkubwa, umepata nafuu. Nambari 115 ya m-mama hupigwa bila ya malipo, na dereva wa teksi wa kijijini huja pale ambapo gari la hospitali halipo. Iandikeni mlangoni kwenu.

Na sasa ni zamu ya maswali. Naomba la kwanza lisitoke kwa matabibu wenzangu wa safu ya mbele, bali litoke kwa wakunga wa majumbani waliokaa kule nyuma karibu na mlango, kwa maana wao humwona mgonjwa huyu siku mbili kabla yangu.